Uzito Uleule

Asubuhi ya Alhamisi moja ya mwaka 1936, Mwantumu alikuwa uani kwake Salale, kijiji cha mikoko mdomoni mwa mto Rufiji, akipeta mchele, mumewe akarudi kutoka kazini kabla ya saa ya kurudi, amelowa chapachapa na mwekundu mwili mzima. Hakumuuliza wekundu ule ni wa nini. Kila mke wa mfanyakazi wa kampuni ya magome aliujua. Magome ya mikoko yalilowekwa na kuchemshwa ndani ya tangi la chuma mpaka maji yake yakawa mekundu na mazito, kisha yakapakiwa melini kwenda Ulaya kutengenezea ngozi za viatu. Sadala alikuwa mkorogaji. Kazi yake ilikuwa kusimama juu ya ubao uliolazwa kwenye mdomo wa tangi, pasipo ukingo wa kushika, na kukoroga kwa upondo. Siku hiyo ubao uliteleza, akatumbukia, akazama hadi chini, akaibuka, akatoka.

"Umeumia, bwana?" Mwantumu akauliza.

"Sikuumia. Moto ulikuwa haujawashwa."

Akamwekea maji ya kuoga, akamsugua, kwa kuwa maji ya magome yakikaukia mwilini hayatoki kwa wiki mbili. Alipofika magotini aliona kwamba kovu la panga lililokuwa goti la kushoto sasa liko goti la kulia. Akampapasa kifuani. Moyo wa mumewe ulikuwa ukidunda upande wa kulia. Mwantumu akamaliza kumsugua, akampa shuka kavu, akarudi kwenye mchele wake.

Mchana alikuja Kibwana, jirani yao, mgema wa minazi, wakakaa kwenye mkeka kula wali na samaki hongwe wa kuchoma kutoka sinia moja. Sadala akamega tonge kwa mkono wa kushoto. Kibwana akarudisha tonge lake siniani.

"Mwenzangu, mkono huo."

"Mkono una nini?"

"Si wa kulia."

Sadala aliutazama mkono wake pande zote mbili. Kwake yeye ulikuwa wa kulia, uleule aliofundishwa na marehemu mama yake kulia chakula. Tena aliona kwamba Kibwana ndiye anayekula kwa kushoto, ila alikuwa mtu wa adabu, akaendelea kula. Kadhalika aliona jua limetoka upande usio wake na mto unateremka kinyume, na alipofungua msahafu herufi zote zilikuwa zimempa kisogo. Alihifadhi juzuu tatu kichwani, basi akasoma za kichwani.

Kesho yake kampuni ikampima. Meneja aliamuru asimamishwe kwenye mizani ya magome, na karani akasoma: ratili mia moja arobaini na mbili, sawasawa na siku aliyoandikwa kazi. Mikono miwili ilikuwapo, miguu miwili ilikuwapo, macho pia. Meneja akasema kampuni ilimpokea mtu wa ratili mia moja arobaini na mbili na inamrudisha mtu wa ratili mia moja arobaini na mbili, hakuna kilichopungua, kwa hiyo hakuna ajali iliyotokea. Ingekuwa kauli nzuri kama Sadala angekuwa gunia. Karani akaandika kwenye daftari la wafanyakazi: mzima, kamili. Ubao ukarudishwa mahali pake.

Baada ya wiki moja Sadala alianza kukonda. Alikula kuliko zamani, alikula wali wa nazi, kamba, mihogo, akaongezewa, akaramba vidole, na hakuambulia kitu. Uliingia wali, ukatoka wali. Sukari ilikuwa tamu kinywani lakini haikumpa nguvu hata ya kuinua kata ya maji. Mbavu zikaanza kuhesabika, na nyapara akamtoa tangini akampa kazi ya kufagia.

Mwantumu hakuwa na shaka juu ya sababu. Chakula cha mkono wa kushoto hakina baraka, hilo alilijua tangu utoto, na Salale nzima ilimwambia hivyohivyo. Akachana kanga kuukuu, akaufunga mkono wa kushoto wa mumewe ubavuni, ili ajifunze kula kwa mkono wa watu. Sadala hakubisha. Alikuwa akimwaga chakula njiani kabla hakijafika mdomoni, mara akijichokonoa shavu, na Mwantumu akikaa mbele yake akisema, "Jitahidi, bwana wangu, jitahidi, baraka itarudi." Siku ya tatu alilia akiwa na wali mdomoni. Mwantumu alikaza fundo. Alimfunga siku ishirini.

Siku ya ishirini na moja alikuja mtu anayeitwa Bwana Hopkirk, mkemia wa kampuni, aliyekuwa safarini Dar es Salaam. Kazi yake ilikuwa kupima ukali wa maji ya magome, na watu walimwona mpole, pengine kupita kiasi. Akamfungua Sadala mkono, akamsikiliza kifua upande wa kulia, akampa ndimu ainuse.

"Hii ni nini?"

"Chungwa," akasema Sadala.

Bwana Hopkirk akakaa chini kabisa, kwenye mchanga wa ua. Akaomba tope la mikoko. Alifinyanga tonge moja, akalichomeka vijiti vinne, vitatu vikitazama chini na kuachana kama mafiga na kimoja kikitazama juu. Kwenye ncha za vijiti akatia ndimu changa, ganda la kome, kipande cha gome na punje ya hindi. Halafu akatengeneza tonge la pili, vitu ni vilevile vinne, ila ndimu na ganda vimebadilishana mahali.

"Uzito ni uleule," akamwambia Mwantumu. "Majirani ni walewale. Sasa vigeuze utakavyo mpaka vilingane."

Mwantumu alivigeuza mpaka adhana ya adhuhuri. Punje ikikaa na punje na gome na gome, ndimu ilikwenda kwa ganda. Alikilaza, akakisimamisha, akakipindua. Mwishowe akaviweka chini bega kwa bega, akavitazama.

"Ni makubazi," akasema. "La mguu huu na la mguu wa pili."

"Ndiyo hivyo. Kila kitu chenye uhai kimejengwa kwa vitu vidogo kama hivi, havionekani kwa macho. Wali, samaki, nazi, sukari, mimi, wewe, sote ni wa mguu mmoja. Mumeo amekuwa wa mguu wa pili. Tumbo lake linakipokea chakula, lakini haliwezi kukivaa."

Sadala alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta, akisikiliza. "Mimi niko sawa," akasema taratibu. "Ninyi ndio mmegeuka."

Walijaribu kumrudisha, na isisemwe kwamba hawakujaribu. Bwana Hopkirk alimtumbukiza kuku ndani ya tangi, kuku akatoka ameiva, maana moto ulikuwa unawaka. Wa pili alitumbukizwa tangi likiwa baridi, akatoka amelowa, akaenda zake. Sadala mwenyewe akaingia mara tatu, kwa hiari yake, akizama hadi chini na kupapasa huko kama mtu aliyeangusha pete. Alitoka mwekundu, moyo wake ukidunda palepale kulia. Mara ya nne meneja akakataza, kwa sababu maji ya magome yalikuwa ya wateja.

Bwana Hopkirk akarudi uani kwa Mwantumu na vitufe tisa vya tope. Viwili vyeusi alisema ni kaboni, vidogo sita ni haidrojeni, na kimoja alichokipaka udongo mwekundu ni oksijeni. Akavishikanisha vyeusi viwili, akakitundika chekundu mwishoni pamoja na kidogo kimoja, vidogo vilivyobaki akavizungushia vile vyeusi. Hiyo, akasema, ndiyo pombe kali. Akabomoa, akakiweka chekundu katikati ya vyeusi viwili. Hiyo sasa ilikuwa hewa inayowaka moto, isiyonyweka. Vitufe tisa, vilevile. Alieleza mambo hayo kwa furaha kidogo, halafu akamwangalia Sadala, furaha ikamwisha.

Mwantumu akakipanga kile cha kwanza upya kwa mikono yake. Akakigeuza huku na huku.

"Bwana, hii pombe ni ya mguu gani?"

Bwana Hopkirk akakichukua, akakigeuza naye. "Haina mguu," akasema. "Ukiitazama kwenye kioo ni ileile."

"Basi yeye itamwingia."

"Itamwingia. Hiyo, na siki, na maji, na chumvi. Vyakula vyenu vingine karibu vyote vina mguu."

"Na zile siku ishirini nilizomfunga mkono?"

Mkemia akakwangua tope kwenye kucha zake. "Hazikumsaidia," akasema. Mwantumu aliingia ndani, akakaa nyuma ya mlango, akalia kwa mdomo wazi bila sauti.

Lakini Sadala alikuwa muadhini wa msikiti wa Salale. Babu yake aliadhini, baba yake aliadhini, na katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuonja hata togwa iliyochacha. Alisema pombe hanywi. Akaja Mwalimu Tamimu, imamu wao, mtu wa sauti ya kukwaruza asiyependa maneno mengi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Sadala, mwanangu, mtu akifikwa na kufa njaa, kilichoharamishwa humwia halali kwa kiasi cha kumwokoa. Kunywa."

"Dhambi yake, Mwalimu?"

"Dhambi yake anayo aliyeuacha ubao ule bila ukingo. Kunywa, baba."

Akanywa. Bwana Hopkirk alikuwa na chupa za pombe safi kabatini kwake, ya kupimia magome, na kila siku alimletea kiasi cha vijiko kadhaa, kimechanganywa na maji na chumvi. Sadala aliinywa amefumba macho, na kila alipomaliza alijifunika shuka hadi kichwani mpaka kichwa kimtulie. Kuadhini aliacha mwenyewe, kabla hajaambiwa. Baada ya mwezi aliongezeka ratili nne. Alisimama peke yake, akaenda mpaka gatini akarudi. Mwantumu aliacha kumtazama mbavu akaanza kumtazama uso, na siku moja, akichota maji, alijikuta anaimba.

Kisha meneja akahesabu chupa. Sheria ya Serikali ilikataza mtu mweusi kupewa pombe kali, na meneja aliiheshimu sheria. Yeye mwenyewe alikunywa ya kwake kila jioni barazani, kwa soda. Funguo za kabati zikahamia mfukoni mwake. Bwana Hopkirk aliandika barua mbili za kuomba ruhusa, zote kwa meneja, na meneja akazijibu zote mbili, kwa adabu, kwamba kwa mujibu wa daftari mfanyakazi huyo ni mzima na kamili, na mtu mzima hahitaji dawa. Basi dini iliyokataza pombe ikawa imemruhusu, na waliokuwa wakiinywa wakamkataza. Salale ililipokea hilo pamoja na mengine.

Kibwana alisema hawezi kukaa akitazama. Alikuwa na tembo lake la mnazi, akatafuta vyungu viwili na mwanzi, akalichemsha liwe gongo nyuma ya nyumba, mchana kweupe, kwa kuwa hakuona aibu. Likatoka la kutosha siku tisa. Siku ya kumi nyapara alikuja na askari, vyungu vikavunjwa, na Kibwana akafungwa miezi sita. Alipokuwa akipanda mtumbwi na pingu zake alimwambia Mwantumu, "Nisamehe, dada. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeujua moto wake." Mwantumu akamfunga leso kichwani kwa ajili ya jua.

Ikabaki siki. Mwantumu alikwenda Kibiti, siku nzima kwa mtumbwi na siku nyingine kwa miguu, akaingia duka moja la barabarani na kikapu kikubwa. Mwenye duka alimuuliza kama ni ya achari ya harusi.

"Ya mume wangu."

"Anapenda siki?"

"Hapendi. Ndiyo chakula chake."

Mwenye duka akamfungia chupa kumi na mbili katika majani ya mgomba, zisigongane. Safari hiyo Mwantumu aliifanya mara tano. Alimuuliza Bwana Hopkirk kama mumewe atashiba kwa siki, naye akamjibu kwamba hatashiba, ila atachelewa. Siki ilimbabua Sadala koo, ikamla meno, sauti ikamwisha akabaki kunong'ona. Mwantumu aliendelea kupika. Hakujua kuacha. Kila mchana aliteremsha chungu, akapakua kidogo kwenye kisahani, akakiweka karibu na mkeka wake, na Sadala akakitazama kwa heshima, kikapoa, kuku wakakila.

Mchana mmoja Sadala alimwita akae karibu.

"Nikinusa ndimu nanusa chungwa," akanong'ona. "Si neno, chungwa nalipenda. Lakini nikikunusa wewe, bibi, nanusa mwanamke mwingine."

"Yukoje?"

"Si mbaya. Anafanana nawe usoni. Ananihudumia, Mungu amlipe." Akavuta pumzi. "Nakukumbuka sana."

Mwantumu alioga mara tatu siku ile, kwa sabuni, kwa mchanga, kwa maji ya karafuu. Alijua haitasaidia. Alirudi akakaa palepale, na Sadala akamshika mkono kwa adabu, kama unavyomshika mgeni aliyekuja kukujulia hali.

Alikufa katika mwezi wa sita tangu ubao uteleze, adhuhuri, chungu kikiwa jikoni. Mwalimu Tamimu alimwosha pamoja na wazee wawili. Ilipofika kumlaza kaburini likazuka swali, maana maiti hulazwa ubavu wa kulia, uso kibla, na hawakujua ubavu wa kulia wa Sadala ni upi. Mwalimu akamtuma mtu kwa Mwantumu. Mwantumu alisema alazwe kwa ubavu ulio wa kulia kwake yeye, wala asilazimishwe tena. Kwa hiyo, ili uso ubaki kibla, kichwa chake kikawekwa upande wa magharibi, na vichwa vyote vingine vya makaburi ya Salale viko mashariki. Kampuni ilituma vipande viwili vya kitambaa cha marekani kwa sanda. Bwana Hopkirk alisimama mbali, kofia mkononi. Baadaye aliandika makala ya kurasa kumi na moja, ikachapishwa London pamoja na mchoro wa kifua, na humo Sadala aliitwa mfanyakazi mmoja wa kienyeji. Kisha akahamishwa.

Makaburi ya kule hutitia masika ya kwanza, na jamaa huenda na majembe kuongeza udongo. La Sadala halikutitia. Halikutitia masika ya pili wala ya tatu. Mwantumu hakuhitaji mkemia wa kumweleza. Mchwa na funza wa Salale walikuwa wa mguu mmoja na wali wake, na Sadala hawakumweza.

Mwaka wa 1942 maji ya bamvua yalikutana na mafuriko ya Rufiji, yakala ukingo wa makaburi, na Sadala akatoka. Alikuwa mzima, amekonda vilevile, ndevu vilevile. Kaa walikuwa wamempitia wakamwacha. Mwantumu alimvika sanda mpya, akazikwa tena mbali zaidi na maji. Mwaka wa 1951 maji yakamfikia huko pia, akamvika ya tatu. Wanaume walimposa mara mbili tatu, naye aliwajibu kwamba ana mume, na ikawa vigumu kubishana naye.

Mwaka wa 1960 alitoka tena. Mwalimu Tamimu alikuwa amekufa, na Kibwana kwa uzee hakuweza kushika jembe. Waliokuja kuchimba walikuwa wanaume wawili kutoka kijiji cha Mkongo, walioandikwa kazi ya kukoroga magome msimu ule, miguu yao myekundu hadi magotini. Kengele ya kazi ingelia saa nane, basi walichimba haraka. Mwantumu alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alikaa chini, kichwa cha mumewe kikiwa mapajani mwake, akimfuta mchanga masikioni kwa ncha ya kanga, na nywele zake mwenyewe zilikuwa nyeupe karibu zote.

Mmoja wa wachimbaji aliegemea jembe lake. "Pole, mama," akasema. "Huyu mwanao alikuwa akiumwa nini?"

Mwantumu aliendelea kumfuta mpaka sikio likawa safi.

"Ni mume wangu," akasema. "Hakuwa na ugonjwa. Alikufa njaa nyumbani kwangu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpikia."

Yule mtu akasema pole tena. Wakamshusha Sadala, wakamfukia, na kengele ilipolia wakaacha majembe pale, wakaondoka mbiombio kurudi ubaoni, juu ya tangi.